Katekista wa Lambo la Mollo

Katekista hakuwahi kunywa chai akiwa ameketi. Aliimimina kwenye sahani, akaipuliza, akaimeza kwa mafunda mawili matatu, na kabla hujamaliza kumuuliza habari za nyumbani alikuwa ameshika kofia yupo mlangoni. Mke wake alishaacha kumwekea kiti. "Ya nini?" aliniambia siku moja. "Kiti chenyewe hakimjui."

Na huyo ndiye aliyenifundisha subira. Najua inachekesha. Hata yeye ilimchekesha, ila hakupenda wengine wacheke.

Alizaliwa lini na kwa ukoo gani, hayo wanawe wayaseme. Mimi nilimjua akiwa tayari ana mvi, katekista wa kigango huko Mollo, mtu aliyepanda kutoka ziwani akiwa kijana, akaoa huku juu, akalima mahindi na ulezi kama sisi sote. Kitu kimoja tu kilibaki kumtofautisha na sisi. Alijua kuogelea. Sisi Wafipa wa uwanda wa juu, maji tunayajua ya kunywa, ya kuoga na ya mvua. Mtu akikuambia ameingia kwenye maji yaliyompita kichwa, unamuuliza alisukumwa na nani.

Mimi ni fundi cherehani, nakaa Izia, Sumbawanga mjini. Jumamosi asubuhi nakimbia na klabu yetu ya mbio mjini, na nikisema nakimbia simaanishi kujikokota. Mwenyekiti wetu ni mfanyabiashara wa vipuri vya baiskeli, Mwislamu, mtu wa utani mwingi na tumbo kidogo. Siku moja alikuja na habari kwamba kule chini ziwani kutakuwa na mashindano ya aina yake: unaogelea kwanza, ukitoka majini unapanda baiskeli, ukishuka kwenye baiskeli unakimbia, yote mfululizo.

"Nani anakwenda?" akauliza.

"Mimi," nikasema.

"Fundi, wewe kuogelea unajua?"

"Nitajifunza."

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini barabarani. Kicheko chenyewe kisingeniuma kama nisingekuwa na historia. Mama yangu alikuwa ananiita mtu wa nusu. Sekondari niliiachia njiani, kwaya niliiachia njiani, kuku wa mayai niliwaachia njiani. Ndoa sikuiacha mimi, niliachwa, lakini nayo ilihesabiwa humo humo. Kwa hiyo nilipofungua domo langu mbele ya watu, nilijua ninachokiweka mezani. Nilitaka, kwa mara moja tu, kuanza kitu na kukifikisha mwisho watu wakiona. Baiskeli na mbio sikuwa na wasiwasi navyo. Maji ndiyo yaliyosimama kati yangu na huo mwisho, na kwenye maji aliyekuwepo ni Katekista peke yake.

Nilimkuta uani kwake anafunga kamba za viatu.

"Shikamoo, Katekista."

"Marahaba. Sema upesi, nina maziko."

Nikasema upesi. Akaniangalia.

"Maji unayaogopa?"

"Siyaogopi."

"Basi siwezi kukufundisha. Rudi ukishayaogopa." Akaondoka.

Nilikasirika. Nikaenda mwenyewe kwenye lambo lao la kunyweshea ng'ombe, nikaingia na gauni langu mpaka kiunoni. Ilikuwa ule wakati wa baridi na upepo, na maji ya huku juu wakati huo yanakukamata mbavu. Nikapiga hatua moja zaidi, mguu haukukuta kitu. Sijui nilitokaje. Nikarudi kwake nikitetemeka, nikamngoja atoke mazikoni, nikamwambia nimeogopa.

"Haya," akasema. "Sasa tuna pa kuanzia."

Pa kuanzia palikuwa beseni. Sikuruhusiwa kugusa lambo mpaka niweze kutia uso kwenye beseni la maji, nitoe pumzi yote polepole kwa mapovu, nigeuze shingo upande, nivute, nirudi tena. Nilifanya hivyo nyumbani kila jioni, wanangu wamenizunguka wakicheka, jirani akichungulia mlangoni akidhani natapika. Katekista alikuwa na neno lake juu ya hilo: "Pumzi uliyoibana ndiyo inayokuchosha." Alilirudia mpaka nikalichukia, kisha nikaliamini.

Kipimo chake cha mwendo kilikuwa rozari. Alitembea ukingoni na fimbo ndefu ya mwanzi mkono mmoja na rozari mkono mwingine, akiisali kwa sauti, na mimi majini nilipaswa kwenda naye. Nusu ya kwanza ya Salamu Maria natoa pumzi, nusu ya pili nageuza shingo navuta. Nikimtangulia, ananigonga na mwanzi begani. "Mama wa Mungu hajafika huko, rudi." Mwenyekiti naye alipoanza kuja kujaribu, alisimama ukingoni na kaptura yake akauliza kwa adabu kama kuna njia nyingine, maana yeye rozari si yake.

"Wewe Mungu unamwitaje ukiwa peke yako?" Katekista akamuuliza.

"Nasema Subhanallah."

"Iseme hiyo hiyo. Ila pumzi itoke yote."

Basi tukawa tunaogelea lamboni, mmoja na Maria, mmoja na Subhanallah, ng'ombe wakinywa pembeni. Mwenyekiti aliishia kuelea tu, akaridhika. Alisema tumbo lake limepata kazi.

Vazi nililishona mwenyewe. Katekista alitaka la heshima, mikono mirefu na suruali mpaka magotini, nami nikachukua kitambaa cha jezi nikashona kwa mapozi kabisa, na pindo la maua. Lilipoingia maji lilivimba likanielea shingoni mithili ya mto wa kulalia. Katekista aligeuka akatazama mlima kwa muda mrefu, mabega yakimtikisika. Nilishona la pili, la kubana, bila maua.

Maneno yalikuwepo, bila shaka. Katekista na fundi aliyeachika, lamboni, mmoja kalowa? Mollo nzima ilipata cha kuongea. Yeye alitaka kwenda kuwafokea watu baada ya ibada, lakini mkewe alimaliza jambo bila kupaza sauti. Siku ya mazoezi alichukua ungo wake wa maharage, akaja akakaa ukingoni akachambua. Akaja tena na tena. Wanawake wengine wakaanza kuja na kazi zao ili wamsindikize, na mwisho nikawa naogelea mbele ya kikao kizima cha akina mama, wakinipa maelekezo juu ya miguu yangu bila kuwa na mmoja aliyewahi kulowa zaidi ya goti.

Kosa langu kubwa halikuwa woga. Lilikuwa jembe. Nimekulia kwenye kulima matuta, kukata majani na kuyafukia chini ya udongo, na mikono yangu inajua kazi moja tu: kunyanyua juu na kushusha kwa nguvu. Majini nilifanya hivyo hivyo. Maji yakaruka, akina mama wakashangilia, na mimi sikusogea.

"Unalima!" alipiga kelele Katekista. "Hayo hayana magugu! Ingiza mkono kama unaiba unga wa mama mkwe!"

Hilo nililielewa mara moja.

Lakini jembe lilikuwa na mzizi mwingine uliokwenda chini zaidi. Kwetu mkialikana kulima, mnajipanga mstari mnaenda pamoja, na pombe inangoja mwisho wa shamba. Anayenyoosha mgongo wa kwanza kabla ya kufika mwisho, huyo kapatikana. Ataimbwa jioni, ataimbwa na mwaka unaofuata. Mtoto wa huku anajifunza mapema kwamba kuchoka si aibu, aibu ni kuonekana umesimama. Katekista alinifundisha kulala chali, mikono wazi, masikio ndani ya maji, nikitazama mawingu mpaka moyo utulie, halafu nigeuke niendelee. Alisema mtu asiyejua kupumzika majini hajui kuogelea, anajua kuchelewa kuzama tu. Nilijifunza vizuri sana tukiwa wawili na mkewe. Akina mama walipojaa ukingoni, sikulala tena. Nilale chali mchana kweupe, watu wakinitazama?

Siku nilipojaribu kuvuka lambo lote bila kugusa chini, mikono iliisha nguvu katikati. Nilijua kabisa la kufanya. Niliwasikia wakishangilia, nikaendelea kulima. Nikameza maji, nikatafuta chini, chini hapakuwepo. Ninachokumbuka baada ya hapo ni kola ya vazi langu la kuogelea ikinikaba, na Katekista yumo majini na koti lake, viatu vyake, rozari shingoni, akinikokota.

Alikwenda zake akichuruzika maji, mkewe akakusanya maharage akamfuata. Nilipanda baiskeli kurudi Izia nikilia njia nzima, na nilijua nalia nini: nilikuwa nimeshaacha tena. Moyoni nilikuwa nimeacha. Kesho yake asubuhi akaja mkewe kwenye banda langu la kushonea, amepanda pikipiki kuja mjini kwa ajili hiyo tu.

"Anasema uje keshokutwa," akaniambia. "Anasema atakuwa na watu wengi zaidi, na utalala chali mbele yao mpaka wachoke kukutazama."

Ndivyo ilivyokuwa. Alitangaza kigangoni baada ya matangazo ya ndoa. Nililala chali katikati ya lambo la Mollo mbele ya nusu ya jumuiya, na Katekista akasali rozari yote ukingoni bila kunigonga. Mwanzoni walicheka. Kisha wakaanza kuzungumza habari za mbolea. Kisha wakaondoka. Nilipotoka hapakuwa na mtu isipokuwa wao wawili, na aibu yenyewe sikuiona tena.

Kuanzia hapo nguvu zikaja, polepole, kwa namna ambayo sikuielewa. Mpaka kwenye mafunjo na kurudi. Mpaka kwenye nguzo ya kupimia maji na kurudi. Kulizunguka lote. Aliniwekea sharti kwamba nisiongeze mpaka safari ya jana niione ya kitoto. Mimi ndiye niliyekuwa na haraka, yeye alikataa. "Haraka ni ya nchi kavu," alisema, na nchi kavu yenyewe aliitumia ipasavyo.

Maana huyu mtu wa subira majini, nje ya maji alikuwa msiba. Ibada yake Jumapili ambazo padre hakufika ilikuwa fupi kiasi kwamba watu kutoka vigango vingine walikuja Mollo kusali wawahi mashambani. Kwaya ikianza ubeti wa tatu alikuwa anakohoa. Aliungua ulimi kwa ugali wa ulezi kila siku aliyoishi. Kuna siku tulikuwa naye Laela, tumekwenda kumsalimia mgonjwa, na basi la kurudi Sumbawanga likasimama kupakia magunia ya mahindi. Akamuuliza kondakta mara ya kwanza, mara ya pili, ya tatu akashuka.

"Katekista, unakwenda wapi?"

"Nyumbani."

"Kwa miguu? Ni mbali!"

"Nitafika kabla yenu."

Basi likamaliza kupakia, likaondoka, tukamkuta barabarani anatembea ametanguliza kidevu. Kondakta akagonga bodi dereva asimame. Katekista hakugeuka. Tulikwenda mwendo wa konokono kando yake, abiria wote madirishani wakimbembeleza, mpaka mama mmoja mwenye mtoto mgonjwa akamwambia yeye ndiye anayewachelewesha sasa. Akapanda papo hapo.

Na mtu wa ziwani huyo samaki alikuwa hagusi. Mkewe akipika migebuka anakwenda kula kwa jirani. Alivuta ugoro kwa siri, siri iliyojulikana na kigango kizima kwa chafya zake wakati wa maungamo ya pamoja. Kusifu mtu hakujua. Ukifanya vibaya alifoka, ukifanya vizuri alinyamaza, kwa hiyo nilijifunza kuogelea nikitafuta ule ukimya, na siku nilipolizunguka lambo mara nyingi mpaka nikasahau kuhesabu, akanyamaza mpaka nyumbani, nilijua nimepata tuzo.

Sasa ametangulia. Tulimzika mwishoni mwa masika. Padre alihubiri kwa kirefu, kwa haki kabisa, na mimi niliyekaa benchi la mbele nilikuwa nalitazama jeneza nikingoja ligongwe kutoka ndani. Nilicheka peke yangu mkono mdomoni, kisha nikalia, na mkewe akanishika goti. Nampenda mzee yule na nilichelewa kumwambia.

Ila nilimwona vizuri mara moja, na hiyo ndiyo ninayotaka kuiweka hapa. Ilikuwa siku ya mashindano, kule chini.

Tulishuka na gari la Mwenyekiti, baiskeli juu, sisi wanne ndani, mke wa Katekista akiwemo. Joto lilikuwa linaongezeka kila kona. Mwenyekiti akaanza na utani wake, akauliza habari za mamba.

"Mamba hamli Mkatoliki," akasema Katekista.

"Na mimi je?"

"Wewe unaelea tu, atadhani gogo."

Huo ulikuwa utani wake wa mwisho siku hiyo. Tulipoliona ziwa alinyamaza, na haukuwa ule ukimya ninaoujua.

Ziwa si lambo. Lilikuwa linapumua, na ng'ambo haionekani. Tulitakiwa kwenda mpaka kwenye boya la kwanza, kuzunguka la pili, na kurudi, mitumbwi ya waokoaji ikitufuata. Wengi walikuwa vijana wa hapo hapo ziwani. Nilipogeuka nimuulize Katekista neno la mwisho, alikuwa hayupo.

Niliingia nikaanza. Sitalisimulia sana. Nilipiga mikono, nilisali, wimbi likanipiga kinywani, nikakohoa. Baada ya boya la pili mikono ikawa mizito na vijana wote walikuwa wameshatokomea mbele, ufukwe umejaa watu. Nikalala chali. Mwokoaji akaleta mtumbwi, akaniinamia, "Mama, tukutoe?" Nikamwambia napumzika, na nikapumzika kweli, moyo ukashuka, nikageuka nikaendelea. Mchanga uliponigusa magoti sikuamini ni mchanga. Watu wakapiga vigelegele. Mwenyekiti alikuwa ameshika baiskeli yangu tayari, anaruka, "Fundi! Panda! Panda!"

Nikatazama huku na huku. Mkewe Katekista alikuwa amesimama na khanga yangu.

"Yuko wapi?"

"Kule, kwenye vichanja vya dagaa. Amegoma kutazama." Akaniwekea khanga mabegani. "Utotoni mwake, mwanangu, yeye na mama yake walimngoja baba yake hapa ufukweni siku nyingi. Baba akarudi, mzima, anacheka, mtumbwi umemvunjikia kisiwani. Lakini huyu tangu siku ile kungoja kumemshinda. Wewe nenda, panda baiskeli, nitamwambia mimi."

Mwenyekiti alikuwa anapiga kelele. Mtu mwenye kipaza sauti alikuwa ananihimiza. Niliwapita wote nikakimbia peku kwenye mchanga wa moto mpaka vichanjani.

Alikuwa amekaa chini, nyuma ya vichanja, ameligeuzia ziwa mgongo. Amekaa kabisa. Kofia iko magotini. Sikuwa nimewahi kumwona ameketi namna ile, mzee kabisa, midomo inatembea bila sauti.

"Katekista."

Hakugeuka. "Nani katoka?" akauliza.

"Mimi."

Akageuka akanitazama kuanzia nywele mpaka miguu iliyojaa mchanga. Kisha akaruka juu.

"Baiskeli iko wapi? Mbona uko hapa? Wenzako wameshaondoka, unanisalimia mimi saa hizi? Una akili wewe? Nenda! Kimbia!"

"Nakwenda."

"Sasa unangoja nini? Nenda!"

Nisingeweza kwenda. Alikuwa amenishika mkono kwa mikono yake yote miwili, kwa nguvu, maji yangu yakimtiririkia mpaka kwenye viwiko, na alikuwa akinifokea niende, niende haraka, na hakuniachia.